Floridi na maji vinalingana ukubwa: utando unajuaje nani apite?

Tuanze na namba mbili. Molekuli moja ya maji ina upana wa takriban nanomita 0.28. Ioni moja ya floridi, ile inayochafua meno ya watoto na kupinda mifupa, ina upana wa takriban nanomita 0.27. Kwa lugha ya mtaani, hao ni mapacha. Lakini kuna mashine zinazopitisha maji na kuiacha floridi nyuma, na maji mengi ya chupa tunayonunua stendi ya Bweri au pale Bunda mjini yamepita kwenye mashine za aina hiyo. Ukimwuliza muuzaji inafanyaje, atakwambia "inachuja". Si uongo. Ila kama vitu viwili vinalingana ukubwa, chekecheke gani linaweza kuvitenganisha?

Najua baadhi yenu mmeshaanza kufunua ukurasa mkidhani hii ni desa la kemia. Subirini kidogo. Mimi nasoma ualimu, si uhandisi, na hesabu nitakayotumia ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Mwisho wa makala utaweza kumkalisha chini muuzaji yeyote wa mashine ya maji na kumwuliza maswali yatakayomtoa jasho.

Kwa nini sisi wa Mara tujali

Tukiwa kando ya Ziwa Victoria ni rahisi kudhani shida ya maji ni bomba tu. Ziwa lenyewe lina maji mepesi sana kwa upande wa chumvi, na floridi yake ni ndogo. Anayekunywa maji ya ziwa yaliyotibiwa, iwe Musoma mjini au kwenye mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, anahitaji kuondolewa tope, mwani na vijidudu. Hiyo ni kazi ya shabu, mchanga na klorini. Utando wa kisasa hauhitajiki kwa hilo.

Hadithi inabadilika ukiliacha ziwa. Vijiji vingi vya ndani vinategemea visima, na maji ya kisima yamekaa kwenye mwamba miaka na miaka. Mwamba wa graniti una madini yenye floridi, na maji huyayeyusha polepole. Mara ni miongoni mwa mikoa inayotajwa kuwa na floridi ya juu katika baadhi ya vyanzo vyake, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kisha ikashusha kiwango chake hadi hiyo 1.5. Maana yake ni kwamba kuna visima vilivyolala vikiwa halali na kuamka vikiwa na tatizo, bila maji yenyewe kubadilika hata tone.

Pia tuna dhahabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wamepima maji kwenye maeneo ya dhahabu yanayozunguka ziwa, na baadhi ya vyanzo vimeonekana kuwa na aseniki kuzidi mikrogramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Aseniki haina rangi, haina ladha, haina harufu. Nitairudia baadaye, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini kuuelewa utando ni jambo la afya na si la mtihani peke yake.

Mfano wa nyavu, na pale unapokatika

Kila mtu wa huku anajua nyavu. Macho makubwa yanabakiza sangara na kuachia wadogo, macho madogo yanabakiza hadi dagaa. Uchujaji mwingi ni hivyo hivyo. Kitambaa cha kanga kinabakiza takataka. Mchanga unabakiza tope. Tando zenye vitundu vya sehemu ndogo sana ya mikromita zinabakiza bakteria. Ukiendelea kupunguza macho utabakiza hata molekuli kubwa. Sumu ya mwani inayoitwa mikrosistini, iliyowahi kupimwa kwenye Ghuba la Mwanza, ina uzito wa takriban mara 55 ya molekuli ya maji, kwa hiyo utando wenye macho madogo vya kutosha utaikamata.

Kwa floridi mfano huo unakatika. Huwezi kutengeneza jicho la wavu linalopitisha pacha mmoja na kumzuia mwingine kwa ukubwa peke yake. Lazima kuna jambo jingine, nalo lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni msafara. Ioni ya floridi ina chaji hasi, na molekuli za maji zina upande chanya kidogo. Basi maji huizunguka ioni na kuishika kwa nguvu, kama kiongozi anayetembea na walinzi. Kiongozi mwenyewe ni mwembamba, ila msafara wake ni mpana. Kwenye mlango mwembamba atalazimika kuwaacha walinzi nje, na kuwaacha kunagharimu nishati nyingi. Molekuli ya maji haina msafara wa namna hiyo. Inapita zake.

Ya pili ni chaji ya mlango wenyewe. Tando nyingi za kisasa hutengenezwa kwa poliamaidi, na kwenye maji ya kawaida uso wake huwa na chaji hasi. Hasi na hasi husukumana. Floridi inasukumwa hata kabla haijafika mlangoni.

Kwa hiyo utando hauangalii umbo tu. Unaangalia umbo, msafara na chaji kwa pamoja.

Modeli ya kwenye karatasi

Hapa ndipo modeli inapoingia. Modeli ni namna ya kusema kwa hesabu kile tunachodhani kinatokea, ili tuweze kutabiri. Iliyotumika zaidi kwa tando za osmosisi kinyume iliandikwa mwaka 1965 na Lonsdale, Merten na Riley, miaka michache baada ya Loeb na Sourirajan kutengeneza huko California utando wa kwanza uliopitisha maji ya kutosha kuwa na faida. Wazo lenyewe ni kwamba maji na chumvi vyote huyeyuka ndani ya utando, kisha kila kimoja husafiri kivyake hadi upande wa pili.

Jambo la kushika ni moja: maji na floridi vinasukumwa na vitu viwili tofauti.

Maji yanasukumwa na shinikizo. Pampu inasukuma kwenda mbele, osmosisi inavuta kurudi nyuma, na tofauti yake ndiyo inayobaki kufanya kazi:

Maji yanayopita = A × (shinikizo la pampu − shinikizo la osmosisi)

Floridi haijali pampu. Inasukumwa na tofauti ya ukolezi tu, yaani iko nyingi huku na kidogo kule, basi inatambaa kwenda kule:

Floridi inayopita = B × (ukolezi upande wa kisima − ukolezi upande wa kikombe)

A na B ni tabia za utando. Utando mzuri una A kubwa na B ndogo. Ukichanganya milinganyo hiyo miwili, hatua chache tu za aljebra ya kidato cha pili, unapata jibu la swali tunalolitaka:

Ukolezi kikombeni = B × ukolezi wa kisima ÷ (maji yanayopita + B)

Tupige hesabu. Namba hizi ni za kufundishia, nimezichagua ziwe rahisi. Kisima kina miligramu 8 za floridi kwa lita. B ni 1.5. Kila mita ya mraba ya utando inapitisha lita 30 za maji kwa saa. Basi 1.5 mara 8 ni 12, gawanya kwa 31.5, unapata 0.38. Kikombe kina miligramu 0.38 kwa lita. Salama kabisa.

Sasa punguza shinikizo mpaka zipite lita 5 tu kwa saa. Kumi na mbili gawanya kwa 6.5 ni 1.85. Kisima ni kilekile, utando ni uleule, ila kikombe kimevuka kiwango cha taifa.

Isome tena taratibu, maana inapingana na akili ya kawaida. Sisi tumezoea kwamba chujio likienda polepole linachuja vizuri zaidi. Chai ukiichuja haraka, majani yanapita. Kwenye utando huu ni kinyume. Ukipunguza kasi, maji yanapungua lakini floridi inaendelea kutambaa kwa mwendo wake uleule, kwa sababu haisikii pampu. Maji machache, floridi karibu ileile, basi kikombe kinakuwa kikali. Kwa mfano wetu mpaka ni lita 6.5 kwa saa. Chini ya hapo, usinywe.

Wingu likipita juu ya paneli

Umuhimu wa hesabu hiyo unaonekana pale ambapo mashine inaendeshwa na jua. Vijijini wengi wanataka sola, na ni jambo zuri. Timu ya Profesa Andrea Schäfer ya Ujerumani imejaribu mitambo ya tando inayotumia jua kaskazini mwa Tanzania, kwenye maji yenye floridi nyingi, ikishirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Kwa mitambo ya namna hiyo swali si tu kwamba inatoa lita ngapi mchana kweupe. Swali ni nini kinatokea wingu likipita.

Modeli inajibu: shinikizo linashuka, maji yanapungua, ukolezi unapanda. Ndiyo maana mtambo mzuri hupimwa kwa maji ya siku nzima yaliyochanganyika tangini, au huwekewa betri, au huzimwa wenyewe shinikizo likishuka kupita kiasi.

Vipi usiku mashine ikiwa imezimwa? Weka sifuri kwenye "maji yanayopita". B inagawanywa kwa B, na ukolezi kikombeni unakuwa sawa na wa kisima. Haufiki huko kwa dakika moja, unachukua muda. Lakini maji yaliyolala ndani ya mashine yakigusa utando usiku kucha hunyonya chumvi kutoka upande wa pili. Kwa hiyo kikombe cha kwanza cha asubuhi ndicho kibaya kuliko vyote. Shuleni, kikombe hicho huwa cha mtoto aliyewahi namba. Dawa yake haina gharama: acha maji ya dakika za mwanzo yamwagike, au yaende kudeki darasa.

Kuna jambo jingine ambalo modeli rahisi hulisahau. Maji yanapopita, floridi iliyozuiwa hujazana mlangoni, kama watu wanaosukumana dirisha la bumu. Utando hauuoni ukolezi wa kisima, unauona ukolezi wa ule msongamano. Ukiingiza hali hiyo kwenye mfano wetu wa lita 30, kwa mtiririko wa wastani, 0.38 inapanda hadi karibu 0.5. Ndiyo sababu mashine hupitisha maji kwa kasi kando ya uso wa utando ili kuusafisha. Ukiukaba mtiririko huo ili "kuokoa maji", unaharibu kikombe na unaufupishia utando maisha.

Aseniki isiyo na chaji

Sasa turudi kwenye aseniki. Majini inakuja kwa sura mbili. Sura moja, aseneti, ina chaji hasi na msafara wake. Utando unaizuia vizuri. Sura nyingine, aseniti, katika maji ya kisima ya kawaida haina chaji kabisa. Ni molekuli ndogo isiyo na msafara wala chaji. Mlango unaiona kama raia wa kawaida. Itapunguzwa, ndiyo, ila sehemu kubwa zaidi hupita. Kwenye maji ya ardhini yasiyo na oksijeni, sura hiyo ya pili ndiyo huwa nyingi.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii. Muuzaji atakuja na kile kipimo kama kalamu, atakichovya kwenye maji ya kisima kisome 600, kisha kwenye maji ya mashine kisome 30. Watu watapiga makofi. Lakini kalamu hiyo inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani inahesabu vyenye chaji. Aseniti haina chaji, haionekani pale. Hata ingekuwa nayo, mikrogramu 50 kwa lita ni sehemu ndogo mno ya miligramu 600 kiasi kwamba kalamu isingetikisika. Kisima kilicho karibu na machimbo lazima kipimwe maabara kwa aseniki yenyewe, kabla na baada ya mashine. Kalamu haitoshi.

Floridi nayo ina mlango wake wa nyuma. Maji yakiwa na tindikali kali, huungana na haidrojeni na kupoteza chaji yake. Visima vyetu vingi haviko hivyo, ila mtu akiweka tindikali kusafishia mashine na asisuuze vya kutosha, modeli inamwonya.

Maji ya kumwaga yanakwenda wapi?

Utando hauiui floridi. Unaihamisha. Ukiingiza lita 100 zenye jumla ya miligramu 800 na ukatoa lita 50 safi, karibu floridi yote imebaki kwenye zile lita 50 nyingine, ambazo sasa zina zaidi ya miligramu 15 kwa lita. Hizo zikimwagwa mtaroni zikafika kwenye birika la ng'ombe, tumehamisha ugonjwa tu. Kwa mkoa wa wafugaji hilo si dogo. Ukitaka kutoa maji safi zaidi kutoka lita zilezile 100, maji ya kumwaga yanazidi kuwa makali, na ya kikombe pia yanapanda. Kila mradi lazima uchague mahali pa kusimama.

Ndiyo maana njia nyingine hazijafa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arusha kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi bila umeme na bila maji ya kumwaga. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015 kwa chujio la mchanga lililoongezewa nyenzo za nano. Hayo nayo yana udhaifu wake: yakishajaa huacha kunasa, na hayapigi kelele yanapojaa. Hakuna chujio lisilo na sharti.

Je, modeli ni kweli?

Hapa walimu watarajiwa wenzangu sikilizeni. Mwaka 2023 kundi la Menachem Elimelech wa Chuo Kikuu cha Yale lilichapisha utafiti likidai kwamba maji hayayeyuki ndani ya utando na kusafiri kama modeli ya 1965 inavyosema. Linadai yanasukumwa kwa shinikizo kupitia vijitundu vidogo sana. Mjadala haujaisha. Miaka karibu 60 baadaye, wataalamu bado wanabishana maji yanapitaje!

Lakini ile hesabu yetu ya kikombe inabaki na kazi, kwa sababu pande zote mbili zinakubaliana kwamba shinikizo likishuka maji hupungua na chumvi huongezeka kikombeni. Kinachogombewa ni picha ya ndani. Mwanafunzi anayekariri kwamba "osmosisi ni maji kutoka sehemu yenye maji mengi kwenda yenye maji machache" hawezi kuuona mjadala huu. Aliyefundishwa kwamba hiyo ni modeli, kwamba ina mahali inapofanya kazi na mahali inapokatika kama ule mfano wa nyavu, anaweza.

Na si lazima uwe na maabara. Yai likilala kwenye siki siku moja au mbili, ganda linayeyuka na utando unabaki. Liweke kwenye maji ya kawaida, linavimba. Liweke kwenye maji yaliyokolea sukari, linasinyaa. Kisha waandikie wanafunzi ubaoni mlinganyo wa kikombe, uwape namba tofauti za kasi ya maji, wachore grafu wenyewe. Daftari na penseli vinatosha. Kidato cha tatu wanaweza kugundua wenyewe kwamba polepole si salama, na wataenda kulisema nyumbani.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Likizo ijayo wengi wetu tutarudi vijijini, na pengine utakuta kamati ya shule au kanisa au msikiti inajadili kununua mashine ya maji. Wewe ndiye msomi wa familia, watakugeukia. Uliza haya:

1. Maji ya kisima yamepimwa maabara? Floridi ngapi, na aseniki ngapi?
2. Kikombe kimepimwa floridi yenyewe, au ni ile kalamu tu?
3. Shinikizo likishuka, kwa wingu au kwa umeme mdogo, mashine inajizima au inaendelea kutoa?
4. Kati ya lita 100 zinazoingia, ngapi zinamwagwa, na zinamwagwa wapi?
5. Utando ukizeeka, nani atapima, kila baada ya muda gani, na hela ya kubadilisha itatoka wapi?

Swali la tano ndilo linaloua miradi mingi. B ya utando haikai palepale. Klorini inaula, uchafu unauziba, na siku B inapopanda maji yanaonekana masafi vilevile, matamu vilevile. Hakuna atakayejua isipokuwa kuna mtu aliyepewa kazi ya kupima. Kamati ikishindwa kumtaja mtu huyo kwa jina siku ya mkutano, waambie wasisaini kwanza.